Jina juu ya kila ukurasa: kisa cha Misa tatu za William Byrd

Shika mkononi kitabu chembamba, karatasi chache tu zilizokunjwa na kushonwa. Ndani yake mna nota za sauti moja peke yake. Soprano wana chao, alto wana chao, teno chao na besi chao. Ukikifungua hukuti jina la kitabu. Hukuti mwaka, wala mji, wala aliyekipiga chapa, wala duka kinakouzwa. Unapokelewa moja kwa moja na herufi kubwa iliyochongwa kwenye kipande cha mbao, halafu maneno ambayo kila Mkatoliki wa zama zile aliyajua kwa moyo: Kyrie eleison. Sasa inua macho hadi juu ya ukurasa. Pale juu pameandikwa W. Byrd. Fungua ukurasa wa pili, jina lipo. Wa tatu, lipo.

Vitabu hivi, vyenye muziki wa Misa ya Kilatini uliotungwa na William Byrd, vilipigwa chapa London kati ya mwaka 1592 na 1595 hivi, katika nchi ambayo kusoma Misa kulikuwa kosa la jinai. Na huyu W. Byrd hakuwa mtu wa mafichoni. Alikuwa mwajiriwa wa Malkia Elizabeth I, mwimbaji wa Chapel Royal, ile kwaya iliyoimba ibada za Kianglikana mbele ya Malkia mwenyewe. Nimeongoza kwaya za parokia kwa miaka mingi, na kati ya visa vyote vya muziki mtakatifu ninavyovijua, hiki ndicho ninachokirudia zaidi. Wengi wanakieleza kama kisa cha mtu aliyejificha. Mimi nasoma vingine. Vilivyoondolewa kwenye vitabu hivi ni vitu ambavyo vingewatia wengine mashakani. Mtu pekee aliyeachwa wazi ni Byrd mwenyewe.

Tuanze na mtu huyu. Byrd alizaliwa mnamo 1540. Kuanzia 1563 alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wa watoto wa kwaya katika kanisa kuu la Lincoln, na Februari 1572 aliapishwa rasmi Chapel Royal, akichukua nafasi ya Robert Parsons aliyekufa maji. Hapo alikuwa pamoja na Thomas Tallis, mzee aliyekwisha kuwatumikia wafalme na malkia wa dini zote mbili, Wakatoliki na Waanglikana. Januari 1575 Malkia aliwapa wawili hao leseni ya miaka 21: wao tu, na watakaowaruhusu, ndio wenye haki ya kupiga chapa muziki nchini Uingereza. Mwaka huohuo walitoa nyimbo 34 za Kilatini, kila mmoja 17, kwa kuwa Malkia alikuwa katika mwaka wa 17 wa utawala wake. Kitabu hakikuuzika, na baada ya miaka miwili walimwandikia Malkia kwamba leseni imewatia hasara. Leseni lakini ilibaki. Iweke akilini, maana ndiyo ufunguo wa kisa hiki.

Wakati huohuo nyumba ya Byrd ilikuwa inaingia kwenye daftari jingine. Papa Pius V alikuwa amemtenga Elizabeth na Kanisa mwaka 1570, na tangu hapo kila Mkatoliki wa Uingereza alitazamwa kama msaliti anayengoja nafasi. Mwaka 1577 Juliana, mkewe Byrd, aliorodheshwa huko Harlington kwa kutohudhuria ibada ya parokia. Baadaye Byrd mwenyewe aliorodheshwa pia, tena na tena.

Sheria ya mwaka 1581 iliweka bei ya kila kosa. Asiyekwenda kwenye ibada ya Kanisa la Uingereza alipe pauni 20 kwa mwezi. Anayesikiliza Misa alipe marki 100 (marki moja ni theluthi mbili za pauni) na akae gerezani mwaka mzima. Padri aliyeisoma alipe marki 200, na kifungo kilekile. Fanya hesabu ndogo: mwimbaji wa Chapel Royal alikuwa analipwa karibu pauni 30 kwa mwaka. Faini ya miezi miwili tu ingemeza mshahara wake wote na zaidi. Kisha ikaja sheria ya 1585, iliyomfanya padri aliyepewa daraja ng'ambo kuwa mhaini kwa kukanyaga tu ardhi ya Uingereza, na kumhukumu kifo yeyote atakayemhifadhi.

Mtu wa kawaida, akiona sheria kama hizo, angeukunja mkeka wake na kukaa kimya. Byrd hakukaa kimya. Mwaka 1583 Philippe de Monte, kiongozi wa muziki wa Kaizari Rudolf II, alimtumia utunzi wa sauti 8 kwa maneno ya Zaburi, yale ya kando ya mito ya Babeli. Mwaka uliofuata Byrd akamjibu kwa sauti 8 vilevile, akichukua zaburi pale de Monte alipouliza: tuuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni? Ndani ya jibu lake sauti tatu zinafuatana kwa wimbo uleule mmoja, nyingine zikiugeuza kichwa chini miguu juu. Jibu la swali hilo la zaburi alilitoa kwa kazi ya mikono.

Julai 1586 alikuwa katika nyumba ya bwana mmoja wa shamba pamoja na Wajesuiti wawili waliokuwa wametua nchini siku chache tu kabla, Henry Garnet na Robert Southwell. Siku hizo ziliimbwa Misa na kupigwa muziki. Southwell alikamatwa 1592, akateswa, na tarehe 21 Februari 1595 akauawa kama mhaini. Miaka hiyohiyo, kuanzia kukamatwa kwa rafiki huyu hadi mwaka wa kuuawa kwake, ndipo vile vitabu vyembamba vilipotoka.

Tumejuaje miaka hiyo, kama vitabu havina tarehe? Mpiga chapa alikuwa Thomas East, aliyefanya kazi kwa ruhusa ya Byrd. Herufi zake kubwa za mwanzo wa kila wimbo zilichongwa kwenye mbao, na mbao zilezile zilitumika kitabu baada ya kitabu. Mbao huchoka. Pambo la pembeni linamegeka, ufa mdogo unaanza kwenye mguu wa herufi, na mwaka unaofuata ufa umerefuka. East alitoa vitabu vingine vingi vyenye tarehe. Mwaka 1966 mtafiti Peter Clulow alikaa na vitabu hivyo vyote, akalinganisha nyufa, na kuona kila Misa inaangukia wapi: ya sauti 4 ilitoka mnamo 1592 hadi 1593, ya sauti 3 mnamo 1593 hadi 1594, na ya sauti 5 mnamo 1595. Tena zile za sauti 4 na sauti 3 zilipigwa chapa mara ya pili mwishoni mwa karne. Maana yake ni kwamba nakala za kwanza ziliisha. Kulikuwa na wanunuzi.

Sasa rudi kwenye leseni. Ilitolewa 1575 kwa miaka 21, kwa hiyo ilikuwa inakwisha 1596. Tallis alifariki Novemba 1585, na tangu siku hiyo Byrd aliishika peke yake. Angalia hapo palivyo: katika nchi nzima, mtu wa kuombwa ruhusa ya kupiga chapa muziki alikuwa ni yeye, na muda wake ulikuwa unayoyoma. Misa tatu zimetoka mfululizo ndani ya miaka ya mwisho ya leseni. Sidhani kama hilo limetokea kwa bahati tu. Naona mtu aliyejua mlango utafungwa lini, akapitisha mzigo wake kabla haujafungwa.

Na alijua vizuri kabisa ukurasa wa mbele unavyotengenezwa. Kitabu chake cha nyimbo takatifu cha 1589 kinataja jina la East, kinasema kimechapwa kwa idhini ya William Byrd na kwa upendeleo wa kifalme, kinataja London, na kinataja hata siku: tarehe 25 Oktoba. Kimewekwa chini ya heshima ya Earl wa Worcester, mmoja wa mabwana wakubwa wa nchi. Ndani yake mna wimbo Ne irascaris Domine, unaolia kwamba mji mtakatifu umekuwa jangwa na Yerusalemu umeachwa ukiwa. Maneno yanatoka katika Isaya, na hakuna hakimu awezaye kumfunga mtu kwa kuimba Isaya. Wakatoliki walisikia habari zao wenyewe mle ndani. Waanglikana nao waliupenda wimbo huo hata wakautilia maneno ya Kiingereza na kuuimba kwenye makanisa yao makuu.

Misa ni jambo jingine. Maneno yake hayana mahali pa kujificha. Hakuna mtu aliyeweza kushika mkononi Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus na Agnus Dei kwa mpangilio huo akasema ni zaburi za kujiburudisha jioni. Kwa hiyo ukurasa wa mbele ukaondolewa, na pamoja nao East, duka lake, mji na mwaka. Asikutwe mtu na hatia kwa sababu jina lake limeandikwa pale. Lakini jina la mtunzi, ambalo lingekuwa jepesi kuliko yote kuliondoa, likawekwa juu ya kila ukurasa. Akikamatwa mtu na karatasi moja tu iliyochanika, karatasi hiyo inasema imetoka kwa nani.

Sisi wa kwaya tusipite haraka kwenye muziki wenyewe, kwa sababu mazingira yameandikwa ndani ya nota. Wakati uleule kule Roma, mtunzi Palestrina alikuwa anatoa vitabu vya Misa vikubwa, vyenye jina lake na majina ya wakuu, na alikuwa na kwaya za makanisa ya kifahari za kuviimba. Byrd alikuwa na sebule. Alikuwa na chumba cha juu chenye mapazia yaliyofungwa, watu wa nyumbani, pengine wageni wawili watatu wanaojua nota, na mtumishi aliyesimama dirishani akitazama barabara. Mwaka 1593 au 1594 alihamia Stondon Massey huko Essex, karibu na Ingatestone Hall, nyumba ya Sir John Petre, Mkatoliki tajiri ambaye alikuwa akimkaribisha tangu zamani. Nyumba hiyo ipo hadi leo, na ndani yake pamegunduliwa maficho ya mapadri, vishimo vidogo nyuma ya kuta.

Kwa nyumba za namna hiyo, Misa ya sauti 3 ni zawadi. Watu watatu wanatosha kuimba yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kyrie yake haizidi sana dakika moja. Sauti zote zinakwenda pamoja neno kwa neno, bila madaha, kama watu wanaosali litania. Wa kwaya kubwa anaweza kuidharau. Iweke ndani ya chumba ambamo hodi ya mlangoni inaweza kuwa ya askari, ndipo utaielewa.

Kuna jambo ambalo huwa linanigusa sana. Watunzi wa Uingereza wa vizazi vya nyuma, walipotunga Misa, kwa kawaida waliiacha Kyrie iimbwe kwa nyimbo za kale, na Credo waliikata, wakaruka vifungu vyake. Byrd ametunga Kyrie, na hakukata neno hata moja la Credo. Katika Misa ya sauti 5, kwenye kifungu kile tunachosali kila Jumapili, nasadiki Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume, sauti zinakaza, na kila silabi inasikika. Tangu Malkia Mary, aliyekuwa Mkatoliki, alipofariki 1558, hakukuwa na mahali pa wazi pa kuimba Misa ya Kilatini Uingereza, kwa hiyo Byrd hakuwa na mwalimu aliye hai wa kumfuata katika kazi hii. Alirudi nyuma hadi kwa John Taverner, aliyekufa 1545. Sanctus ya Misa ya sauti 4 imejengwa juu ya Sanctus ya Taverner. Alikwenda kuchukua moto kwenye jiko la babu.

Halafu kuna Agnus Dei ya Misa hiyo ya sauti 4. Hapa ndipo ningependa kila mwalimu wa kwaya akae na nota zake na penseli. Mwanakondoo wa Mungu ya kwanza inaimbwa na sauti mbili tu, soprano na alto, kama watu wawili wanaonong'ona. Ya pili ina sauti tatu. Ya tatu inazileta zote nne, na zikifika kwenye dona nobis pacem, utujalie amani, zinaanza kuingiliana kwa namna ya pekee. Sauti moja inashika nota yake na kuikatalia. Nyingine inaingia, na zile mbili zinakwaruzana. Ndipo ya kwanza inashuka hatua moja, polepole, na mkwaruzo unaisha. Kabla hujapumua, sauti nyingine imeshashika nota yake, na mkwaruzo mpya umeanza.

Nilipowafundisha waimbaji wangu kipande hiki, mama mmoja wa alto aliniambia, "Mwalimu, nota yangu inagombana na ya teno, tumekosea wapi?" Nikamwambia hatujakosea, asiiachie mapema. Tuliirudia mara tatu. Mara ya tatu aliishika mpaka mwisho, na alipoiachia kila mtu chumbani aliisikia ikishuka. Kule walikoimba kwa mara ya kwanza waliomba amani wakati Southwell yumo gerezani, na muziki unaomba vilevile, ukiumia, ukipata nafuu, ukiumia tena, hadi unatua kwenye meja mwishoni kabisa.

Watu huniuliza: je, huyu si mtu wa ndimi mbili? Jumapili anamwimbia Malkia ibada ya Kiingereza, jioni anatunga Misa. Nami nimeitafakari sana hoja hii. Kwa Kanisa la Uingereza Byrd alitunga muziki wa kweli. Ibada yake kubwa ya sauti 10 ni kati ya kazi bora za Kianglikana za wakati ule, na hakuna dalili ya mkono mvivu ndani yake. Malkia alijua dini yake. Maafisa waliijua. Alilipa gharama: miaka ya 1580 aliwekewa mipaka ya kutembea, na nyumba yake ikawekwa kwenye orodha ya kupekuliwa. Mtu wa ndimi mbili huwaambia watu wawili mambo mawili tofauti. Byrd aliwatumikia wote wawili kwa uaminifu, na kila upande ulijua yuko wapi. Alikuwa na walinzi, hilo halina ubishi: Malkia aliyependa muziki wake, Worcester, Petre. Mlinzi lakini anaweza kufa, au kubadili mawazo asubuhi moja. Jina lililokwisha kupigwa chapa halifutiki.

Kipimo cha kisa hiki kilikuja miaka 10 baadaye. Elizabeth alifariki 1603, akaingia James I, na Wakatoliki wengi wakatumaini hali italegea. Mwaka 1605 Byrd alitoa kitabu cha kwanza cha Gradualia, muziki wa Kilatini kwa sikukuu za mwaka mzima wa Kanisa. Safari hii alirudisha ukurasa wa mbele. Jina lake lipo, amejitambulisha kama mpiga kinanda wa Mfalme, na kitabu kimewekwa chini ya heshima ya Henry Howard, Earl wa Northampton. Humo ndimo mna Ave verum corpus, pengine wimbo wake unaoimbwa zaidi duniani leo. Sikiliza mwanzo wake: soprano wanaigusa nota iliyopandishwa, na mara besi wanaijibu kwa nota ileile bila kupandishwa, na kikwazo hicho kidogo kinaangukia kwenye neno verum, wa kweli. Mwili wa kweli. Ugomvi wa karne nzima kuhusu Ekaristi umewekwa katika nusu hatua moja.

Tarehe 5 Novemba 1605 njama ya baruti ya kulilipua Bunge, iliyopangwa na Wakatoliki wachache, ikagunduliwa, na tumaini lote likazimika siku moja. Haukupita muda, msafiri Mfaransa, Charles de Ligny, alikamatwa London na kutupwa gereza la Newgate. Kosa lake lilikuwa kukutwa na vitabu vya kipapa vilivyotungwa na William Byrd na kuwekwa chini ya heshima ya Henry Howard. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliwahi kupelekwa kwenye nyumba moja akamkuta Garnet pamoja na Wajesuiti na mabwana wengine wakipiga muziki, na Byrd akiwa kwenye kinanda.

Hapo pana uchungu. Misa zisizo na ukurasa wa mbele zilikuwa zimepita mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka 10. Kitabu chenye kila kitu, chenye jina la mkubwa wa serikali mbele, ndicho kilichompeleka mtu Newgate, na mtu huyo hakuwa mtunzi wala mkubwa huyo. Alikuwa ni aliyekibeba. Garnet alinyongwa tarehe 3 Mei 1606.

Byrd hakurudi nyuma. Kitabu cha pili cha Gradualia kilitoka 1607, kimewekwa chini ya heshima ya Petre, ambaye sasa alikuwa Baron wa Writtle, na Byrd anamwambia kwamba maua haya yamechumwa katika bustani zake. Mwaka 1610 vitabu vyote viwili vilitolewa tena.

Alifariki Stondon Massey tarehe 4 Julai 1623. Mwandishi wa daftari la Chapel Royal, akiandika kifo cha mwenzao, alimwita baba wa muziki. Katika wosia alioufanya Novemba iliyotangulia, Byrd aliomba aishi na kufa akiwa mwana kamili wa Kanisa Katoliki, na azikwe karibu na mkewe. Mahali hasa pa kaburi lake hapajulikani.